Shanga haina nusu: historia ya kuzungusha picha bila kulainisha kingo

Mwaka jana nilipata kazi ndogo. Mama mmoja anayeuza vitu vya shanga Maasai Market alitaka mchoro wa mkanda. Kazi yenyewe ilionekana mteremko: unafungua programu ya picha, unaweka gridi, pikseli moja ni shanga moja, unapaka rangi, unaprinti, anashona akifuata. Rangi zilikuwa nne tu: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Katikati nikaweka ngao na mkuki. Nikampelekea, akapenda, lakini akasema, "Hiyo ngao iinamishe kidogo, kijana. Imesimama kama askari wa geti."

Sawa. Nikarudi kwa laptopu, nikachagua ngao, nikaizungusha digrii 30, nikahifadhi, nikaprinti. Dakika mbili. Siku iliyofuata nikampelekea karatasi nikijiona fundi.

Aliiangalia kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole kwenye ukingo wa ngao. "Hii rangi hapa nitainunua wapi?"

Nikachungulia. Kulikuwa na pinki ya vumbi. Kando yake kijivu. Kando ya kijivu kahawia fulani ambayo mimi sijawahi kuchagua maishani. Nilipohesabu baadaye nyumbani, rangi nne zilikuwa zimeingia na rangi zaidi ya mia moja zikatoka. Mama akaniambia kitu kimoja ambacho kimekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo: "Shanga haina nusu."

Mteja wake alikuwa anangoja mikanda kumi na miwili Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano. Kwa hivyo usiku huo, badala ya kulala, nilianza kutafuta jibu la swali ambalo sikuwahi kujua ni swali: kwa nini kompyuta haiwezi kuzungusha umbo bila kulichafua? Wasee, nilipata stori ndefu kuliko nilivyotarajia. Inaanza na picha ya mtoto.

Mwaka 1957, mtu mmoja aliamua pikseli iwe mraba

Russell Kirsch alikuwa anafanya kazi katika taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, National Bureau of Standards. Walikuwa na kompyuta inaitwa SEAC. Mwaka 1957 yeye na wenzake walitengeneza mashine ya kusoma picha, kile sasa tunaita skana, na picha ya kwanza waliyoingiza ilikuwa ya mwanawe Kirsch, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa ndogo, kama sentimita tano kwa tano, na ndani ya kompyuta ikawa gridi ya nukta 176 kwa 176. Piga hesabu: ni chini ya nukta 31,000. Simu yako mbovu zaidi inapiga picha yenye mamilioni.

Hizo nukta zilikuwa miraba. Mbona miraba? Kwa sababu ndiyo njia rahisi. Mraba unapangika kwa safu na mistari, na kompyuta inapenda kuhesabu safu na mistari. Tangu hapo karibu kila skrini, kamera na programu imefuata gridi hiyo. Kila picha uliyowahi kuposti ni mkeka wa miraba.

Na gridi ya miraba ina tabia moja: inakubali kuzungushwa digrii 90, 180 na 270 bila shida yoyote. Kila mraba unahamia kwa mraba mwingine, hakuna anayebaki nje. Lakini pembe nyingine yoyote ni balaa.

Nielewe hivi. Chukua ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni kwa skrubu, safu kwa safu, na kila kiti kina mtu. Sasa waambie watu wote wazunguke pamoja digrii 30, lakini viti vibaki pale pale. Kila mtu akifika mahali pake papya anatafuta kiti kilicho karibu. Nini kitatokea? Watu wawili watagombania kiti kimoja, na kiti kingine kitabaki kitupu. Ndiyo maana ukizungusha picha kwa njia hiyo ya kizembe unapata matundu katikati ya umbo, kama nguo iliyoliwa na mende.

Waandishi wa programu walishtuka mapema, wakageuza swali. Badala ya mtu kutafuta kiti, kila kiti kinauliza: "Hapa angepaswa kukaa nani?" Kinaangalia nyuma kwenye picha ya zamani, kinachukua mtu aliye karibu zaidi na hapo mahali. Mbinu hii inaitwa jirani wa karibu. Hakuna kiti kitupu tena. Lakini mtu mmoja anaweza kukalia viti viwili, na mwingine akaachwa mlangoni. Kwa hivyo rangi zinabaki safi, nne ni nne, lakini mstari mwembamba unaweza kukatika, na ukingo ulionyooka unakuwa ngazi yenye vidato visivyolingana.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kwenye gridi, huwezi kuzungusha umbo kwa pembe yoyote bila kusema uongo kidogo. Historia yote ya hii kitu ni watu kuchagua uongo gani wanaweza kuishi nao.

Waliokataa kabisa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa: tusidanganye. Januari 1984 Macintosh ilitoka na programu ya kuchora, MacPaint, iliyoandikwa na Bill Atkinson. Skrini yake ilikuwa pikseli 512 kwa 342, na kila pikseli ilikuwa nyeusi au nyeupe. Kijivu hakuna. Ukitaka kijivu, unachanganya nukta nyeusi na nyeupe jicho lidanganyike.

Sasa angalia menyu ya MacPaint. Kuzungusha kulikuwepo, lakini kwa robo mzunguko tu. Digrii 90, basi. Ile Paint ya Windows tuliyoicheza saiba tukingojea zamu ya intaneti ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka: 90, 180, 270. Nikiwa mtoto nilidhani Paint ni programu ya wajinga. Kumbe ilikuwa inatoa tu zile pembe ambazo inaweza kuzitimiza bila kupoteza hata pikseli moja. Kusema ukweli, kwa kazi ya shanga, Paint ilikuwa na heshima kuliko mimi.

Waliolainisha

Upande mwingine kulikuwa na watu wa filamu na wanafunzi wa vyuo waliotaka kompyuta itengeneze picha zinazofanana na uhai. Kwao ngazi za ukingoni zilikuwa aibu, na zaidi zilipokuwa zinatembea: umbo likisogea, ngazi zinatambaa ukingoni kama siafu, na vitu vidogo vinawaka na kuzima.

Mwaka 1977 Frank Crow, aliyesomea Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha makala iliyoeleza ugonjwa huu vizuri. Hoja yake, kwa lugha yangu: pikseli si tobo la kuchungulia mahali pamoja tu, ni eneo. Kama umbo jeusi linafunika asilimia 40 ya mraba mweupe, usiamue ni mweusi au mweupe. Upake weusi wa asilimia 40. Ukirudi nyuma hatua mbili, jicho linaona mstari ulionyooka.

Manze, hiyo ni akili. Ndiyo sababu herufi unazosoma sasa hivi hazina meno. Lakini angalia bei yake: lazima uwe na rangi za katikati. MacPaint haingeweza hata kama ingetaka, haikuwa na kijivu.

Halafu vifaa vikabadilika. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha zenye kijivu kwenye skrini ya Mac iliyojua nyeusi na nyeupe tu. Ndugu yake John, aliyekuwa anafanya kazi katika kampuni ya madoido ya filamu ya Industrial Light & Magic, akaona kitu hapo. Mwaka 1990 kazi yao ikatoka kama Photoshop. Programu ya picha za kamera, na picha ya kamera ina maelfu ya rangi. Kwa picha kama hiyo, kuzungusha kwa kuchanganya majirani ndiyo njia sawa kabisa. Kiti kinauliza watu wanne waliokizunguka, au kumi na sita kwa mbinu ya kifahari zaidi, kisha kinapika uji wa wote. Uso wa bibi yako ukiuzungusha digrii 3 kunyoosha picha ya harusi, huoni tofauti.

Shida ni kwamba programu za picha za kamera ndizo sisi sote tulikuja kutumia kwa kila kitu: nembo, stika, fulana, michoro ya shanga. Uamuzi uliofaa uso wa bibi ukawa ndio unaokuja ukiwa umewashwa. Hakuna aliyeniuliza. Nilibonyeza kuzungusha, na programu ikajibu kwa niaba yangu swali ambalo sikulisikia likiulizwa.

Waliokubali ngazi

Mwaka huo huo wa 1990, mwezi wa Novemba, Japani, Nintendo walitoa Super Famicom. Ilikuwa na uwezo unaoitwa Mode 7: mashine inaweza kuchukua picha moja ya ardhi na kuizungusha na kuikuza ukiwa unacheza. F-Zero ilitoka siku ile ile ya uzinduzi, na Super Mario Kart ikafuata mwaka 1992. Ukikata kona, barabara nzima inageuka chini yako.

Hakukuwa na nafasi ya kupika uji. Mashine ilikuwa na muda mdogo mno kwa kila pikseli, kwa hivyo ilitumia jirani wa karibu. Angalia video ya hizo gemu leo: ardhi iliyo karibu na gari ni miraba mikubwa yenye ngazi wazi wazi. Hakuna aliyelia. Watoto walikuwa bize kugonga wenzao.

Lakini hapa ndipo niliposimama kidogo. Mode 7 ilizungusha ardhi tu. Madereva na magari hayakuzungushwa na mashine. Wasanii waliyachora kwa mkono, pembe moja baada ya nyingine. Gari dogo la pikseli chache likizungushwa na mashine lingekuwa tope, macho yangepotea, gurudumu lingekatika. Kwa kitu kidogo ambacho kila pikseli ina kazi yake, ilibidi mtu aketi chini aamue.

Ujanja wa vitabu vilivyopangwa

Wakati huo tayari kulikuwa na njia nyingine, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1986 Alan Paeth alichapisha mbinu ya kuzungusha picha kwa kusukuma tu.

Panga daftari kwenye meza, moja juu ya lingine. Sukuma rundo kwa mkono uliolala hadi liegemee upande. Kila daftari limesogea kushoto au kulia, lakini hakuna daftari lililochanika wala kupotea. Paeth alionyesha kwamba ukisukuma picha mara tatu, kwanza safu za ulalo, halafu safu za wima, halafu ulalo tena, kwa vipimo sahihi, picha inakuwa imezunguka. Hesabu inakubali kabisa.

Na ukiamua kila safu isogee kwa pikseli nzima nzima, bila kulainisha, unapata kitu cha ajabu: hakuna pikseli inayopotea na hakuna inayorudiwa. Ukiingiza shanga nyekundu 112, zinatoka 112. Tena unaweza kurudi nyuma: sukuma kinyume, picha yako ya kwanza inarudi ilivyokuwa. Kingo bado zina vidato, na umbo dogo linaweza kuonekana limepindapinda. Lakini hakuna mtu aliyeachwa mlangoni.

Hii unaweza kuijaribu kwa Paint ya zamani. Ile menyu ya kunyoosha na kuinamisha ni kusukuma huku huku. Kwa digrii 30 unainamisha ulalo 15, wima 27, ulalo 15 tena. Ukiona picha inavutika badala ya kugeuka, badilisha alama ya ile ya katikati iwe hasi. Yaani Paint iliyokataa kuzungusha ilikuwa na funguo za mlango mfukoni muda wote. Na jina la huyo Paeth unalibeba kila siku bila kujua: mbinu yake nyingine iko ndani ya faili za PNG, zinazotumika tangu 1996.

Waliobahatisha kwa akili

Uongo wa mwisho ni wa kisasa zaidi: kubahatisha msanii alimaanisha nini.

Karibu mwaka 1992 Eric Johnston, akiwa LucasArts, alikuwa anahamisha gemu za kompyuta za IBM kwenda Mac za rangi, ambazo skrini zake zilikuwa na pikseli karibu mara mbili kila upande. Ilibidi kila pikseli iwe nne. Badala ya kuirudia tu, mbinu yake iliangalia majirani: kama wa juu na wa kushoto wana rangi moja, basi hiyo kona huenda ni ya mstari wa mshazari, ipake rangi yao. Hakuna rangi mpya inayozaliwa. Mwaka 2001 Andrea Mazzoleni akaja na Scale2x, iliyofuata wazo lile lile.

Halafu mwaka 2007, mtu anayejiita Xenowhirl, kutoka kwa wale mashabiki wanaofungua na kubadilisha gemu za zamani za Sonic, akaunganisha vipande. Mbinu yake inaitwa RotSprite. Kwanza unakuza picha mara nane kwa ubashiri wa aina hiyo ya Scale2x, ili ngazi ziwe mistari. Halafu unazungusha picha hiyo kubwa. Halafu unairudisha ndogo kwa kuchukua pikseli moja moja, bila kuchanganya. Rangi nne zinabaki nne, na mistari inashikana kuliko ya jirani wa karibu. Leo iko ndani ya Aseprite, programu ambayo wachoraji wengi wa pikseli wanaitumia.

Hiyo haikutoka maabara ya kampuni kubwa. Ilitoka kwa mtu aliyechoka kuona picha anayoipenda ikiharibiwa.

Alhamisi

Usiku ule nilifanya yote. Jirani wa karibu ilikata mkuki mara mbili. Kusukuma mara tatu kulitunza kila shanga, lakini ngao ilionekana kama imekanyagwa na boda. RotSprite ndiyo ilitoka vizuri zaidi, ila ncha ya mkuki ikawa butu.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea hiyo ya RotSprite, nikaanza kumweleza. Hakuwa na haja ya mhadhara. Akachukua kalamu, akafuta miraba mitatu, akaongeza miwili, ncha ikarudi. Akahamisha mmoja kwenye ukingo wa ngao na ule mviringo ukakaa. Kama dakika nne hivi. Kitu alichofanya ndicho walichofanya wale wasanii wa Mario Kart: mashine ilete karibu, mtu amalize. Ijumaa mikanda ilitoka.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kulainisha kingo si kosa, na ngazi si kosa. Kosa ni kutojua nani amekuchagulia. Kama kazi yako itaishia kwa skrini, lainisha tu. Kama itaishia kwa shanga, uzi, vigae, stika ya kukatwa au fulana ya rangi tatu, kila pikseli ya katikati unayoacha kuna mtu mbele atailipia, na mara nyingi si wewe.

Kabla hujazungusha: kwenye Photoshop, tafuta mbinu ya ukokotoaji juu pale unapobadilisha umbo, chagua jirani wa karibu. Kwenye GIMP, kwenye zana ya kuzungusha, weka ukokotoaji kuwa hakuna. Chora kwa penseli, si brashi. Na ukitaka digrii 30, zungusha 30 mara moja kutoka kwa faili ya mwanzo. Usizungushe 10, halafu 10, halafu 10, kwa sababu kila mara unaongeza uongo juu ya uongo.

Mwaka 2010, akiwa na zaidi ya miaka 80, Russell Kirsch alisema hadharani kwamba kuchagua mraba hakukuwa uamuzi mzuri, na alikuwa bado anaandika programu ya kutumia pikseli za maumbo mengine. Alifariki mwaka 2020. Namheshimu kwa kukiri, lakini hapo sikubaliani naye kabisa. Mraba unaudhi, ndiyo. Lakini mraba ndio unaohesabika. Mama yule anaweza kuweka kidole juu yake na kusema moja, mbili, tatu, nyekundu. Uji hauhesabiki.

Nimebaki na ile karatasi ya kwanza, yenye rangi zaidi ya mia. Nimeibandika ukutani juu ya laptopu. Wewe nayo, ni kazi gani programu imewahi kukuharibia kimya kimya?